Mwanga Mdogo Kupandishwa Ukawa Mkubwa: Mchanga Wetu, Jua Letu na Maji Yetu



Katika toleo hili nimeombwa nieleze jambo moja lililoleta mjadala mkali katika kikundi cha akina mama huko Kisauni. Huenda likabisha hodi kwenu pia, muwe Likoni, Changamwe au kwengineko, kwa hivyo someni kwa makini, na anayejua kusoma awasomee wenzake.

Mambo yalikuwa hivi. Kijana mmoja nadhifu alikuja kwenye mkutano wa kikundi na begi lake. Akatoa kibamba cheupe, mfano wa kigae cha bafuni, akasema kimepakwa "nano". Ukikitumbukiza ndani ya mtungi, alisema, maji ya kisima yatakuwa safi mchana na usiku, hata ndani ya nyumba yenye kiza, kwa sababu kitu hicho "chageuza joto likawa miale ya kuua viini". Bei yake ni shilingi 4,500 kwa kila nyumba. Kikundi kina akina mama 30. Hebu piga hesabu mwenyewe: shilingi 135,000. Hizo ni karibu pesa zote walizokuwa wameweka kwa ajili ya tangi la kuvunia maji ya mvua.

Na wengi walikuwa tayari kutoa. Si ajabu, maana majuma mawili nyuma watoto wawili wa mtaa huo walilazwa kwa kuharisha. Visima vyetu vya bara mnavijua. Kisima kiko hapa, choo cha shimo kiko pale, na kati yao ni mchanga na mawe ya matumbawe yanayopitisha maji kama kichujio kilichotoboka. Mama aliyekesha hospitalini na mtoto hawezi kulaumiwa akitafuta njia ya mkato.

Mwenyekiti akanigeukia: "Dada, wewe umesoma. Huyu asema kweli ama atutia mchanga wa macho?"

Nilimjibu ukweli kwamba sijui, wanipe muda. Diploma yangu ni ya kazi za jamii, si ya sayansi. Nikaenda kusoma, nikamsumbua na mwalimu wa fizikia mpaka akanichoka. Haya ndiyo niliyoyapata. Kwa ufupi: yule kijana hakutunga yote. Sayansi aliyoitaja ipo kweli, na yapendeza. Lakini kibamba chake hakiwezi kufanya alilosema. Nitaeleza kwa nini.

MCHANGA ULIOPITA LIKONI

Tuanze na ule weupe. Rangi nyeupe ya kibamba kile yatokana na kitu kiitwacho titaniamu dioksaidi. Usiogope jina. Unakitumia kila siku. Kimo katika rangi ya ukutani, katika karatasi nyeupe, katika plastiki nyeupe, na mara nyingi katika dawa ya meno. Hutengenezwa kutokana na madini ya ilmeniti na rutili, ambayo hupatikana katika mchanga mzito.

Ndugu zetu wa Likoni wanaujua mchanga huo kwa macho. Kampuni ya Base Titanium ilichimba huko Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kuanzia mwaka 2013. Malori yalileta madini hadi bohari lililojengwa Likoni, na meli ya kwanza ikaondoka na shehena mwezi wa Februari 2014. Uchimbaji ulifungwa Desemba 2024. Kwa miaka ipatayo kumi na moja, basi, ilmeniti na rutili zilipita mlangoni mwetu kwenda viwanda vya ng'ambo. Huko ndiko ilmeniti na rutili hugeuzwa kuwa unga mweupe, na unga huo hurudi kwetu ndani ya mkebe wa rangi.

Lakini weupe siyo sifa pekee ya unga huo. Mwaka 1972 wanasayansi wawili wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kwamba titaniamu dioksaidi ikipigwa na mwanga wa aina fulani huamka na kuanza kufanya kazi. Waliitia majini, wakaimulika, na maji yakaanza kuachana na kuwa gesi. Tangu hapo wataalamu duniani kote wameifuata njia hiyo.

MWANGA UNA VIPANDE

Ili tuelewe hapo, yafaa tujue mwanga ni nini. Jua linapotuangazia, halitumwagii mwanga kama uji. Hututupia vipande vidogo vidogo visivyohesabika. Wataalamu huviita fotoni. Wewe vifikirie kama sarafu. Kuna sarafu kubwa na kuna ndogo.

Sarafu kubwa ni miale ya urujuanimno, ile iliyo juu ya rangi ya zambarau. Macho hayaioni, lakini ndiyo inayochoma ngozi na kupausha kanga iliyosahauliwa kwenye kamba. Sarafu za katikati ni rangi tunazoziona, kuanzia zambarau, buluu, kijani, manjano, hadi nyekundu. Sarafu ndogo ni miale ya infraredi, ile iliyo chini ya wekundu. Hiyo nayo haionekani, bali twaihisi kama joto tukisimama karibu na jiko la makaa.

Ukitaka kuamini kwamba kuna mwanga usioonekana, chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu, kisha ubonyeze. Kwa simu nyingi utaona taa ndogo ikimetameta kwenye kioo cha simu, ilhali kwa macho matupu huoni kitu. Hiyo ni infraredi.

Sasa sikiliza hesabu ya jua. Katika nguvu zote za jua zinazotufikia hapa chini, karibu nusu ni infraredi. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni mwanga unaoonekana. Urujuanimno ni kama tano tu kwa mia. Yaani sarafu kubwa ni chache, na ndogo ni tele.

Shida ya titaniamu dioksaidi ni kwamba yakubali sarafu kubwa tu. Ni kama bawabu mkali. Tuseme kiingilio ni shilingi 320. Sarafu ya urujuanimno yatosha, mlango hufunguka. Sarafu ya kijani ni kama shilingi 230, haitoshi. Ya infraredi tunayoizungumzia hapa ni kama shilingi 130 tu. Na bawabu huyu hakubali kujumlisha. Ukileta sarafu ndogo elfu moja, moja baada ya nyingine, zote atazirudisha.

Sarafu kubwa ikiingia, chembe moja ya umeme iitwayo elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni hiyo na pengo lile hukutana na maji na hewa, zikazaa vitu vikali sana ambavyo huraruraru ngozi ya viini vya maradhi na kuvunja uchafu. Unga wenyewe hauishi; hubaki pale pale ukingoja sarafu nyingine.

Kazi hiyo imeshatumika katika majengo. Kule Rome kuna kanisa la parokia lililotabarukiwa mwaka 2003, lenye kuta tatu kubwa zilizopinda mfano wa matanga ya jahazi. Saruji yake nyeupe ilichanganywa na titaniamu dioksaidi, ili jua livunje moshi na uchafu unaoganda ukutani. Huko ni ukuta ulio nje, unaopigwa na jua mchana kutwa. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

MKOKOTENI KWENYE MTEREMKO WA FERI

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Wataalamu walijiuliza: ikiwa sarafu ndogo ni nyingi hivyo, je, hatuwezi kuziunganisha mbili au tatu zikawa moja kubwa? Jibu ni ndiyo, yawezekana. Kazi hiyo nitaiita kupandisha mwanga.

Kushusha mwanga ni rahisi. Umeona mwenye duka akipitisha noti chini ya taa ya zambarau, na alama zikawaka. Pale sarafu kubwa isiyoonekana imevunjwa ikawa ndogo inayoonekana, na chenji imepotea kama joto. Kitu kuanguka si kazi. Kazi ni kupanda.

Fikiria hamali wa Likoni na mkokoteni wake. Maji yamekupwa, daraja la feri limeinama, na mlima wa kutoka ni mkali. Hamali asukuma mara moja kwa nguvu zake zote, mkokoteni wapanda nusu. Asipopata msaada, utarudi chini mpaka majini. Lakini akiwako kijana wa kutia jiwe nyuma ya gurudumu, mkokoteni husimama pale nusu ya njia. Hamali avuta pumzi, asukuma mara ya pili, na mkokoteni wafika juu.

Hivyo ndivyo mwanga hupandishwa. Kinachohitajika ni kitu chenye "jiwe la gurudumu", yaani chenye ngazi ya katikati ambapo elektroni yaweza kukaa kidogo ikingoja msukumo wa pili. Vitu vingi havina. Elektroni ikipanda nusu, huanguka papo hapo. Lakini kuna jamii ya madini yaitwayo madini adimu, na miongoni mwao yako matatu yanayosifika kwa kazi hii: erbiamu, thuliamu na iterbiamu. Katika hayo elektroni yaweza kutulia kwenye ngazi ya katikati kwa muda mrefu kidogo. Tunaposema muda mrefu, ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini kwa ulimwengu wa atomu hiyo ni kama kutwa nzima.

Na hufanya kazi kama chama cha mzunguko. Iterbiamu ni hodari wa kukusanya sarafu ndogo za infraredi. Huyo ndiye mweka hazina. Hajiwekei yeye. Humpitishia jirani yake, erbiamu, ambaye leo ni zamu yake. Erbiamu akipokea mchango wa kwanza apanda nusu, akipokea wa pili apanda juu kabisa. Kisha aachilia yote kwa mara moja, na mwanga wa kijani au mwekundu ukatoka. Umemulika kwa mwanga usioonekana, na kitu chawaka kijani! Aliyekuwa jirani akiwa ni thuliamu, michango mitatu, minne au hata zaidi yaweza kujumlishwa, na hapo hutoka buluu na kiasi kidogo cha urujuanimno.

Njia hii ya kupitishiana nguvu ilielezwa mwaka 1966 na François Auzel wa Ufaransa.

Tafadhali mwone hesabu haidanganyi. Sarafu mbili za shilingi 130 ni 260, lakini kijani kinachotoka ni 230 tu. Nyingine zimepotea njiani kama joto. Hakuna anayepokea zaidi ya kilichochangwa. Chama chochote kinachowaahidi zaidi ya mlichochanga bila kueleza kimetoka wapi, mnajua wenyewe mwisho wake.

CHUMVI KIDOGO NDANI YA MCHUZI

Wataalamu basi wakaleta mambo mawili pamoja. Walichukua titaniamu dioksaidi, wakaisaga na kuitengeneza iwe chembe ndogo sana za nano. Milimita moja ukiigawa mara milioni moja, kila kipande ni nanomita moja. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 au zaidi. Chembe hizi hupimwa kwa makumi tu ya nanomita. Kwa nini ndogo hivyo? Kwa sababu kitu kikisagwa, ngozi yake ya nje huongezeka, na kazi yote hufanyika kwenye ngozi ya nje. Karafuu nzima na karafuu iliyotwangwa, ipi yanukia upesi?

Ndani ya chembe hizo wakakoleza erbiamu kidogo na iterbiamu, kama unavyokoleza chumvi. Na kama chumvi, ikizidi yaharibu. Kiasi cha erbiamu mara nyingi huwa moja au mbili tu katika mia. Ukitia nyingi, huanza kupokonyana nguvu zenyewe kwa zenyewe, na mwanga huzimika. Tena atomu za madini adimu ni kubwa kuliko za titaniamu, kwa hivyo haziketi vizuri ndani. Ni wageni wanene kwenye kitanda chembamba. Baadhi husukumwa nje hadi ukingoni mwa chembe.

Majina haya ya ajabu yametoka wapi? Iterbiamu na erbiamu yalipewa jina la kijiji kimoja kidogo cha Uswidi kiitwacho Ytterby, ambako mawe yenye madini hayo yalichimbwa. Kijiji kimoja kimetoa majina ya elementi nne! Nasi huku tuna mlima wetu. Mlima Mrima, huko Kwale, una niobiamu na madini adimu, na pia ni msitu wa kaya ya Wadigo. Mnamo 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec iliyotaka kuuchimba. Kampuni ikashtaki katika baraza la kimataifa, na mwaka 2018 baraza likaikataa kesi hiyo, kwa kuwa leseni ilitolewa bila kufuata sheria ya mazingira. Yafaa kujua, hata hivyo, kwamba miamba ya aina ya Mrima huwa na madini adimu yale mepesi zaidi, kama seriamu na lanthanamu. Erbiamu na iterbiamu huwa ni kidogo sana ndani yake. Kwa hivyo akija mtu kuwaambia "nano yenu iko Mrima", mwulizeni ni madini gani hasa anayoyasema.

KWA NINI HAIJAFIKA MTUNGINI

Lengo la wataalamu ni zuri. Wanataka titaniamu ifanye kazi hata kwa zile sarafu ndogo ambazo jua hutupatia bure. Wanajaribu kusafisha maji na hewa. Wanajaribu kuongeza umeme wa sola, maana infraredi nyingi hupita bila kutumiwa. Madaktari watafiti wanajaribu kuua uvimbe wa saratani, kwa kuwa infraredi huzama ndani ya nyama zaidi kuliko mwanga mwingine. Chembe ikishafika kwenye uvimbe, infraredi humulikwa kutoka nje, nayo chembe hugeuza mwanga huo kuwa mkali pale pale.

Lakini bado yako zaidi katika maabara. Sababu ni tatu, na zote twaweza kuzielewa.

Ya kwanza ni msukumo. Hamali lazima asukume mara ya pili kabla jiwe halijateleza. Sarafu za infraredi lazima zije nyingi na kwa karibu karibu. Katika maabara hutumia taa ya leza, iliyokusanya mwanga mahali padogo sana. Jua la kawaida, hata hili letu la Januari, halina mkusanyo wa namna hiyo. Nyumba yenye kiza ndiyo kabisa. Joto la chumbani halitoshi hata kidogo.

Ya pili ni kiingilio. Mmeona erbiamu hutoa zaidi kijani na nyekundu, na titaniamu safi yataka urujuanimno. Kijani hakifungui mlango. Ndiyo maana watafiti huleta thuliamu, au huongeza kitu kingine kwenye titaniamu ili bawabu alegeze masharti.

Ya tatu ni upotevu. Hata kwa leza, sehemu kubwa ya nguvu hupotea kama joto, na kinachopandishwa mara nyingi hakifiki hata chache kwa mia.

Kwa hivyo kibamba kile cheupe, ndani ya mtungi, ndani ya nyumba, usiku, hakina mwanga wa kukiamsha. Kumbukeni kanisa la Rome: ukuta uko nje juani. Nilimwomba yule kijana karatasi ya uchunguzi wa maji kutoka maabara yoyote ya serikali. Akasema ataileta juma linalofuata. Sikumwona tena.

Onyo jingine. Akija mtu kuwauzia titaniamu ikiwa ni unga wa kutia majini, kataeni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka titaniamu dioksaidi katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa sababu ya vumbi lake likivutwa puani, na nchi za Umoja wa Ulaya ziliiondoa kwenye vyakula mwaka 2022. Rangi iliyokauka ukutani si ya kuogopesha. Unga unaopeperuka ndio si wa kuchezea, sembuse kuwanywesha watoto.

TUFANYE NINI LEO?

Basi tukae tu, tungoje wataalamu? La. Zile sarafu kubwa, ingawa ni tano tu kwa mia, kwetu zinatosha kazi. Tuko karibu na ikweta, na jua letu ni kali. Hapana haja ya kibamba. Yatosha chupa.

Njia hii ilianza kuchunguzwa huko Beirut, Lebanoni, karibu na mwaka 1980, na hapa Kenya ilijaribiwa miongoni mwa Wamaasai katika miaka ya 1990. Kipindupindu kilipozuka wakati huo, watoto wa chini ya miaka sita walihesabiwa. Katika nyumba zilizokuwa zikianika maji juani, watoto 3 kati ya 155 walipata ugonjwa. Katika nyumba nyingine, walikuwa 20 kati ya 144. Hiyo ndiyo karatasi ya uchunguzi ninayoitaka mimi!

Fanyeni hivi:

1. Tafuta chupa za plastiki zinazoonyesha ndani vizuri, za lita 1 hadi 2, zile za maji au soda. Zisiwe za rangi wala zilizokwaruzika sana. Toa karatasi ya nje, zioshe. Mtungi wa mafuta wa lita 20 haufai, mwanga haupenyi.

2. Maji yasiwe na tope. Yakiwa machafu, yaache yatuame kisha yachuje kwa kitambaa safi. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti na uchungulie kutoka mdomoni. Ukiweza kusoma kichwa cha habari, maji yanafaa.

3. Jaza chupa robo tatu, tikisa kwa nguvu ili hewa iingie, kisha jaza pomoni na ufunge.

4. Zilaze juu ya bati, mahali pasipo na kivuli, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ni saa sita kamili za jua.

5. Mawingu yakifunika mbingu, ziache siku mbili mfululizo. Mvua ya masika ikinyesha mchana kutwa, usitegemee njia hii. Chemsha maji au tumia dawa ya klorini.

6. Kunywa kutoka chupa ile ile au kwa kikombe safi. Ukiyamimina kwenye mtungi mchafu, umefanya kazi bure.

Tusidanganyane: jua huua viini, basi. Haliondoi chumvi ya kisima cha pwani, haliondoi mafuta wala kemikali. Na ile inayopenya kutoka choo cha shimo si viini peke yake. Kuna na kemikali za mbolea ya choo, ambazo chupa haiziwezi. Ndiyo sababu tangi la maji ya mvua bado ni mpango mzuri kuliko yote, na kuchimba choo mbali na kisima ni wajibu wa kila nyumba.

KIKUNDI KILIAMUA NINI

Niliwarudia akina mama wa Kisauni nikawaeleza haya, kwa mkokoteni na kwa sarafu, kama nilivyowaeleza nyinyi. Bi mkubwa mmoja, ambaye husema mara chache, akauliza: "Kwa hivyo hiyo elimu ni ya kweli, ila haijawiva?" Nikamwambia, naam, hakuna aliyeisema vizuri zaidi.

Wakapiga kura. Akiba imebaki kwa ajili ya tangi. Kumi na wawili wameanza kuanika chupa, na wamepanga kila mmoja awafundishe majirani wawili. Wengine bado wana mashaka, wasema maji yaliyoanikwa yana ladha ya plastiki. Ni haki yao. Tumekubaliana kuonana tena baada ya miezi mitatu, tuulize ni watoto wangapi wameharisha katika nyumba zinazoanika na katika zisizoanika.

Yule kijana sina kinyongo naye. Pengine naye aliuziwa. Lakini pesa za kikundi ni jasho la watu thelathini, hazitolewi kwa neno tamu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtu akituletea kifaa kipya, tutamwuliza nini kabla ya kutoa pesa? (Kianzio: Kinapata nguvu wapi? Nani amekipima, na karatasi iko wapi? Tukijaribu mwezi mmoja bila kulipa, atakubali?)

2. Kisima chetu kiko hatua ngapi kutoka choo cha karibu? Nani atakwenda kupima?

3. Katika mtaa wetu ni nyumba zipi zenye bati linalopigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri? Zisizo na jua, tutazisaidiaje?

4. Je, wako vijana wetu wa sekondari wanaopenda fizikia na kemia? Kikundi chaweza kuwatia moyo vipi, ili siku elimu hii itakapowiva, mmoja wa kuitengeneza awe ametoka Likoni au Changamwe?

Majibu yenu tuleteeni kupitia viongozi wa vikundi. Tutayachapisha toleo lijalo. Hadi wakati huo, anikeni maji, na mwangalie akiba yenu.